Nakuja, Mama

Mtoto mdogo hanyamazi bure. Ukimwona ametulia chumbani peke yake, ujue ama amelala, ama anapaka ukuta mafuta ya nywele, ama ameshika mkasi. Kwa hiyo Mama Kidoti, fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima kwa kushona mapazia na kwa mdomo usiopumzika, alitakiwa ashtuke mapema. Hakushtuka. Alishukuru.

Kabla ya msiba wa bibi yake, Kidoti alikuwa akiita mpaka majirani wanaitika kwa niaba. "Mama! Mama njoo! Mamaaa!" Anataka maji, anataka kukunwa mgongo, anataka kuambiwa kwa nini nzi hana masikio. Jina lenyewe alipewa kwa ile alama nyeusi shavuni, lakini baba yake alikuwa akisema wangemwita Kipaza Sauti. Sasa alikuwa anaita mara moja tu. Mama yake, mguu kwenye pedeli, sindano inakimbia, anajibu kwa mazoea, "Nakuja," kisha anamalizia mshono, na mwingine, na mwingine. Akija kuinua kichwa, mtoto kimya, amekaa zake chini, ametulia kama mtu aliyekwisha kuhudumiwa.

"Ulikuwa unaniitia nini, mwanangu?"

"Maji."

"Haya, twende nikupe."

"Umeshanipa."

Mama Kidoti akacheka. Pembeni ya mtoto palikuwa na kikombe cha bati, kimelowa mpaka nje. Akadhani amejichotea mwenyewe, mtoto anakua huyo. Alipokwenda kukiosha ndipo alipokuta udongo chini yake, mweusi, laini, udongo wa bustani. Akausuuza, akarudi kwenye pazia lake.

Dirisha la chumba cha kushonea lilitazama bustani. Kuiita bustani ni kuipa sifa tu. Kilikuwa kipande cha ardhi kati ya ukuta wa nyumba na karo la kufulia, na ndani yake mti mmoja wa maana. Wenyewe waliuita mti wa madoa. Ulikuwa mfupi, wa kimo cha mtu, wenye majani magumu yanayong'aa, katikati kijani na kingoni meupe ya maziwa, kila jani na mabaka yake. Haukupukutika jua wala mvua. Aliyeupanda ni mama mkwe, siku alipohamia kwa mwanawe, na aliutunza kwa wivu kabisa.

"Tawi likitoka kijani tupu, kata," alikuwa akimfundisha mkwewe, "litawameza wenzake. Na likitoka jeupe tupu, kata upesi zaidi. Jeupe halijilishi, mwanangu. Linakaa pale linapendeza watu, kumbe linakula jasho la wengine."

Jikoni wawili hao hawakuelewana hata siku moja. Chumvi hii nyingi, sufuria ile haikusuguliwa, basi tabu tupu. Lakini bustanini walikuwa marafiki. Mama mkwe alipopooza upande mmoja, akawa wa kitandani, mkasi wa kupogolea ukabaki kwa Mama Kidoti, na mti ule ukawa mahali pake pa kupumulia. Maana kuuguza si mchezo, jamani. Geuza, osha, lisha, chua miguu kwa dawa ya kafuri, badili shuka, na huku mapazia ya watu yanasubiri na mtoto anauliza habari za nzi.

Sasa ile siku yenyewe. Ilikuwa alasiri. Nesi, jirani wao wa nyumba ya pili na shoga yake wa kuongea naye ukutani, alikuwa ameomba vipandikizi vya mti wa madoa akapande kwenye makopo barazani pa wodi ya wazee anakofanya kazi. Kidoti alikuwa amelala. Mama Kidoti amechuchumaa, anakata vijiti, anavisimamisha kwenye ndoo ya maji kimoja kimoja. Dirisha la mgonjwa lilikuwa wazi juu ya kichwa chake.

"Mwanangu."

"Nakuja, mama."

Akakata kijiti kingine, akakinyofoa majani ya chini.

"Mwanangu, maji."

"Nakuja!"

Alisikia. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye: alisikia kila kitu, mpaka kikohozi, mpaka kitanda kikilia. Hakuwa mbali wala hakuwa na kazi ya kufa mtu. Alichoka tu, na jua lilikuwa limepoa vizuri, na akajiambia hata yeye ana haki ya kumaliza kitu kimoja kwa siku bila kukatizwa. Sauti ilipokuja tena ilikuwa ya chini sana, naye akajibu kwa ukali, "Nimesema nakuja!" Baada ya hapo hakuitwa tena. Akashukuru.

Alipoingia, mikono bado ina utomvu, alimkuta mama mkwe sakafuni kati ya kitanda na mlango, mkono wake mzima umenyooka kuelekea kikombe cha bati kilichokuwa juu ya stuli. Kikombe kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshakata roho.

Mama Kidoti alimbeba akamrudisha kitandani. Akamfuta vumbi magotini, akambadilisha gauni, akamchana nywele. Mumewe, fundi umeme, alipofika jioni na begi lake la waya, alimwambia, "Alilala tu. Hata kuguna sikumsikia." Mume akalia, kisha akamshika mikono yote miwili. "Asante, mke wangu. Mama amefia kwenye mikono mizuri." Na msiba mzima ikawa hivyo hivyo, kila anayeingia anamsifu: mkwe wa mfano, mama yule angepata wapi mkwe kama huyu. Mama Kidoti anainamisha uso, watu wanasema masikini, majonzi. Hayakuwa majonzi. Ilikuwa aibu, na aibu haina mtu wa kuipa pole.

Ndoo ya vipandikizi Nesi alikuja kuichukua mwenyewe. Tangu hapo Mama Kidoti hakuugusa mti wa madoa. Mvua za kwanza zilipokuja likachipuka tawi chini, upande wa dirisha, jeupe tupu tangu kikonyo mpaka ncha. Aliliona. Wateja waliliona pia, wakalisifu. Hakulikata, kwa sababu kulikata ilibidi achuchumae pale pale.

Basi siku moja uzi ulikatika. Cherehani ikanyamaza, nyumba nzima ikanyamaza, na chumba cha pili Kidoti akaita, "Mama!" Mama Kidoti akafungua mdomo ajibu, na kabla hajatoa neno akasikia, "Nakuja."

Ilikuwa sauti yake. Si sauti inayofanana na yake, ni yake, na kile kiukali cha mwishoni, na ilitoka nje ya dirisha, chini, pale ambapo mtu akiwa amechuchumaa ndipo mdomo wake unapofika. Harufu ya kafuri ikaingia chumbani. Halafu akasikia majani yanakwaruza ukuta kwa nje, taratibu, yakielekea upande wa chumba cha mtoto, na miguu yake ikakataa kabisa kunyanyuka mpaka mkwaruzo ulipokoma. Alipofika, Kidoti alikuwa anajifuta kidevu.

"Mama," akasema, "mbona mkono wako baridi?"

Toka hapo mtoto akaanza kuisha. Akiwekewa chakula anasema ameshiba. Akicheza kidogo anataka kulala. Walimpeleka zahanati, wakatoboa kidole, wakapima, damu safi, wakapewa dawa ya kuongeza hamu ya kula, nayo haikuongeza chochote. Mashavu yakaingia ndani, ile alama nyeusi ikabaki kubwa usoni peke yake. Na nje ya dirisha tawi jeupe likanenepa, likawa la unene wa mkono wa mtu mzima, majani yake manono, yamelala kwenye kizingiti.

"Likate basi, linaziba mwanga," mumewe akamwambia.

"Nitalikata."

"Lini?"

"Nitalikata, baba Kidoti, niache!"

Aliogopa kwamba akilikata litalia, na likilia litalia kwa sauti ya nani.

Ikaja alasiri ya mvua kubwa. Umeme ukakatika, mawingu yakafanya giza la magharibi saa ambayo bado ni mchana, mume yuko kazini mbali, na Mama Kidoti alikuwa nje karoni akikusanya nguo zilizolowa aliposikia mtoto anaita, "Mama!" kwa kile kisauti kilichobaki. "Nakuja!" akapiga kelele, na safari hii alimaanisha, akatupa nguo zote kwenye tope akakimbia, lakini neno lake lilitoka mara mbili, moja kinywani mwake na moja pembeni ya ukuta, na alipoingia ukumbini akikimbia alisikia upande wa pili wa ukuta kitu kinakimbia naye sambamba, majani yakiburura kwenye plasta, akiongeza mwendo nacho kinaongeza, akijikwaa nacho kinangoja, mpaka wakafika wote wawili pamoja, yeye mlangoni na chenyewe dirishani, na kwa mwanga wa radi akaona tawi jeupe limeingia ndani mpaka kitandani, limeinama juu ya mwanawe kama mtu anayeuguza, na jani moja limekunjwa mfano wa kiganja, limejaa maji, liko mdomoni mwa mtoto, na mtoto ananyonya amefumba macho.

Tawi likageuka. Halikuwa na uso, lakini liligeuka. "Nimesema nakuja," likamwambia, kwa ukali ule ule.

Alimnyakua Kidoti, akatoka naye mvuani mpaka kwa Nesi. Nesi akamkausha mtoto, akamsikiliza kifua, akamsikiliza na mama yake akisimulia.

"Shoga," akasema kwa sauti ya chini, "mimi ni mtu wa sindano na vidonge. Lakini hili silo la kwetu wodini. Pale sokoni kuna mzee anatengeneza vitasa. Mwite."

Mzee wa vitasa alikuja kesho yake na sanduku lake la funguo, akiwa na mafua na hasira ya kutolewa kazini. Watu walisema anafungia nje majini kama anavyofungia wezi, na kwamba kwa wezi ndiko anakokosea zaidi. Alizunguka mti, akanusa, akapiga chafya. Mume wa Mama Kidoti alisimama karibu na karo, amekunja mikono, haamini wala hakatai.

"Huyu ni jini mnyonge," mzee akasema. "Hana sauti wala mahali pake. Anaokota vya watu. Hapa kuna mtu alitoa neno akaliacha tupu, halina mwenyewe, na huyu akaingia akakaa humo. Sasa analitimiza kwa namna yake. Anakuja kweli. Anahudumia kweli. Lakini hana cha kumpa mtu, kwa hiyo anamla yule anayemhudumia." Akamtazama Mama Kidoti. "Mama, neno hilo ni lako?"

"Ni langu."

"Basi dawa iko kinywani kwako. Liseme lote mbele ya uliyemficha. Ukibakiza, atakaa kwenye ulichobakiza."

Mama Kidoti alimtazama mumewe. Alikuwa amelipanga usiku kucha na alitaka kulisema, wallahi alitaka. Lakini mumewe alikuwa na yale macho yake ya msibani, macho ya mtu anayekushukuru. Akaanza vizuri. Akasema mama hakufa usingizini. Akasema alimkuta chini, akaogopa, akambeba akamrudisha kitandani na kudanganya. Mume akakaa kwenye ukingo wa karo.

"Alikuita?"

Hapo ndipo. Mdomo ulijifungua na kikatoka kitu kingine. "Nilikuwa hapo ulipokaa, nafua. Bomba nimelifungua lote. Alikuwa ananiita, najua alikuwa ananiita, nikawa najibu nakuja bila kusikiliza vizuri. Sikusikia kama anaomba maji."

Mume alilitazama lile bomba kwa muda mrefu. "Bomba hili lina kelele," akasema mwishowe, kwa upole, na upole ule ulimkata maini.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Nimemaliza."

"Siku ile hukuugusa mti huu? Hukukata tawi, hukumpa mtu kijiti akapande kwake?"

Angesema aliugusa, angeulizwa saa ngapi. Angeitaja saa, karo na bomba vingekuwa uongo mtupu.

"Sikuugusa," akasema.

Mzee wa vitasa alimwangalia mpaka akainamisha macho. Kisha akapenga kamasi, akavua koti, akachukua panga. Alilikata tawi jeupe nalo halikulia, lilitoa tu harufu ya kafuri na maji mengi, maji safi ya kunywa. Akang'oa mti wote na mizizi, akauchoma juu ya karatasi na mafuta ya taa, na ndani ya shimo akazika kufuli kuukuu, akalifunga kwanza, ufunguo akauvunja kwa nyundo. "Nyumba hii imefungwa," akasema. Hakusema zaidi ya nyumba hii.

Na kweli ilifungwa. Kidoti akaanza kula, kisha akaanza kudai, kisha siku moja akaamka na kupiga kelele, "Mamaaa! Mama njoo! Panya anaota ndoto?" na Mama Kidoti akatupa kitambaa, akakimbia, akamkumbatia huku analia. Ikawa tabia yake. Akiitwa tu, amefika. Wateja walimcheka wanavyomwona anaruka cherehani. Mume akawa mpole kwake kuliko zamani, hata bomba la karo akalibadilisha, akaweka lisilo na kelele, asije tena akajilaumu. Kila Mama Kidoti akifua nguo kwenye bomba lile kimya, alikuwa akitamani amwambie. Kesho, akawa anasema. Jumapili, akitulia.

Ndipo Nesi alipomletea kazi: mapazia mapya ya wodi ya wazee. Akayashona, akayabeba mwenyewe kwenda kuyatundika. Ilikuwa alasiri, jua limepoa vizuri. Baraza ya wodi ilikuwa ndefu, na juu ya ukuta mfupi, mwanzo hadi mwisho, yalipangwa makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, na katika kila kopo mti wa madoa umesimama, majani yanang'aa.

"Umeona watoto wako?" Nesi akamwambia, anacheka. "Ndoo yako ile ile. Hakuna hata kimoja kilichokufa."

Mama Kidoti aliyasogelea makopo. Kila mti ulikuwa na tawi moja jeupe tupu, na kila tawi limegeukia ndani, kwenye dirisha lililo karibu nalo.

"Na wodi imetulia, shoga, usiambiwe! Zamani hawa wazee walikuwa wanaita mpaka kichwa kinapasuka. Siku hizi wanaita mara moja tu, basi."

"Nesi, wanakula?"

"Mh, kula ndiyo shida. Wanasema wameshiba."

Ndani, kitanda cha dirishani, bibi mmoja akainua kichwa kidogo. "Mwanangu, maji."

"Nakuja, mama," Mama Kidoti akasikia sauti yake ikisema barazani, mgongoni kwake.

Mapazia yalimdondoka. Alikimbilia jagi, akamimina, akafika kitandani maji yakimwagika, akamwinua yule bibi, naye alikuwa mwepesi wa kutisha, hana uzito wa shuka alizolalia. Midomo yake ilikuwa na udongo mweusi.

"Umeshanipa, mwanangu," bibi akasema kwa shukrani. "Unanipa tangu asubuhi. Pumzika sasa."

Mama Kidoti alitazama vitanda vyote, upande huu na ule, nyuso zimeingia ndani, zimetulia, zimeshukuru. Watu wa watu. Mama za watu. Kikombe cha bati kilimrudia machoni, na mkono uliokikosa, na safari hii alijua hawezi kubeba hata dakika moja zaidi. Akatoka mbio barazani, akamshika Nesi mkono.

"Dada, nina jambo. Siku mama mkwe alipofariki sikuwa nafua. Nilikuwa nakata hivi vijiti. Nilimsikia. Nataka nikwambie lote, sasa hivi, kisha unipeleke kwa mume wangu nimwambie mbele yako, na mzee wa vitasa aitwe..."

Kengele ikalia upande wa pili wa wodi. Nesi alikuwa na trei mkononi, na nusu ya masikio yake ilikuwa imeshakwenda kwenye kengele.

"Kaa hapo shoga, nakuja," akasema, akampigapiga begani, akaondoka.

Mama Kidoti akakaa kwenye benchi chini ya makopo. Akangoja. Ndani mtu akakohoa, akanyamaza. Maneno yote yalikuwa yamempanda kooni, yamejipanga, ya kweli, yanasubiri mtu wa kuyapokea. Jua likashuka. Harufu ya kafuri ikaanza kuja kidogo kidogo.

"Nesi!" akaita.

"Nakuja," ikamjibu kwenye makopo, karibu kabisa na sikio lake, na kwa mara ya kwanza haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya Nesi.